Kilo Zimeshuka, Mimi Nimepanda Mnazi

Jumamosi, Msambweni. Kumekucha na manyunyu, kisha jua likaja kukausha mambo. Nakosea herufi ninapobonyeza simu hii, na leo si kwa uzee.

Shajara, nimeukwea.

Mnazi wa marehemu baba, ule wa nyuma ya jiko, mrefu kuliko mnara wa simu wa Ukunda. Anayebisha aje na kamba apime.

Kwa asiyenijua, mimi zamani nilikuwa mkwezi. Si mkwezi wa hivi hivi. Nilikuwa nikianza mnazi wa kwanza huko Galu sishuki, narukia wa pili, narukia wa tatu, mpaka mbega wa Diani wanakaa matawini kunitazama wajifunze. Skuli niliiacha darasa la sita kwa sababu minazi ilikuwa ikiniita. Kisha nikamuoa Mwanasiti, fundi wa kupika, na tumbo likaja taratibu, kama mgeni aliyesema analala usiku mmoja tu.

Mwaka jana baada ya Idi alikuja shemeji yangu Bakari, kaka yake Mwanasiti, akatamani dafu. Wenzetu wa barazani walikuwapo. Nikamwambia kaa hapo, nakuangulia mwenyewe. Nilipanda vidato vitatu vilivyochongwa gomeni vya kukanyagia, nikateleza, gome likanichuna kifua na tumbo. Bakari alicheka hadi akaketi mchangani.

"Shemeji, mnazi wenyewe umekukataa," akasema. "Usipoupanda kabla ya Ramadhani nyingine, barazani utakuwa wa kusikiliza. Hadithi tutapiga sisi."

Na mdomo wangu huu ukajibu, "Na iwe."

Watu watasema huo ni mzaha. Kwangu haukuwa mzaha. Sina mashua, sina duka, sikusoma. Nikifika barazani watu husogea wanipe nafasi kwa ajili ya maneno yangu. Ukiniondolea hayo, nabaki mtu mnene aliyekaa mkekani.

Nikaenda kwa Zuhura, binti wa dada yangu, anayefundisha wageni mazoezi katika hoteli moja ya Galu. "Shikamoo mjomba. Nani kakuparura hivyo?" Nikamwambia chui. Zuhura akaanza kazi. Akanitengenezea vyuma vya mikebe ya rangi iliyojazwa saruji, bomba katikati. Kila nikitoka kuswali alfajiri nanyanyua, nachuchumaa na gunia la mchanga mabegani, najivuta kwenye boriti ya banda. Haukupita muda mikono ya kanzu ikaanza kunibana. Beberu akikatiza uani nilikuwa namsogeza kwa kidole kimoja.

Lakini tumbo liko palepale, linanitazama.

Zuhura alikuwa ameniambia tangu mwanzo kwamba chuma hujenga, sahani hupunguza. Nami wali niliupunguza nusu, wallahi. Basi akaja nyumbani kuniona nikila. Hajavua hata viatu, mke wangu akanichongea.

"Muulize mjombako habari za tui."

Ni kweli wali ulikuwa nusu, ila wa tui zito. Mbaazi za tui zito. Samaki wa kupaka. Hata mchicha ulikuwa unaogelea. Na kati ya mlo na mlo nakwangua dafu. Mimi nilijua vinavyonenepesha ni vitu vya dukani, mafuta ya mkebe na soda. Nazi inaanguka yenyewe nyuma ya jiko. Hiyo ni rehema, na nani anahesabu rehema?

"Mjomba," Zuhura akasema kwa upole, "mwili haujui duka."

Ndipo akanieleza kalori, ambayo mimi nilidhani ni dawa ya mbu. Kumbe ni nguvu iliyomo ndani ya chakula. Ukila nyingi kuliko unayotumia, mwili unaiweka akiba kiunoni, na tui zito limejaa hiyo. Akanionya pia nisijinyime kila kitu, la sivyo na misuli itayeyuka. Basi nikala samaki wa kuchoma, pweza, maharagwe na mayai. Wali konzi moja. Tui jepesi, tena Ijumaa tu.

Nilikonda moyo kabla ya tumbo. Siku moja nilisikia nazi inakunwa kwa jirani, machozi yakanilenga. Sijamwambia mtu.

Harusini nako nilijichorea mpaka kwa kidole kwenye sinia, upande wangu huu, nikifika hapo nanawa. Wenzangu wakadhani naumwa. Wakala na upande wangu kwa kunionea huruma.

Mzigo ukaanza kuondoka. Mizani ya duka la dawa inasema nimepunguza uzito wa mbuzi wa akika, na mimi naongeza, pamoja na pembe zake.

Leo Bakari kaja mapema, kajitandikia mkeka kabisa aone ninavyoanguka. Nikapiga bismillahi, kamba miguuni, panga kiunoni. Kidato cha tatu nikakipita kama sikijui. Nusu ya safari nikasimama, ukweli nausema. Huko chini Mwanasiti alikuwa kimya, na Mwanasiti si mtu wa kunyamaza. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikakumbatia mnazi, nikavuta pumzi, nikajivuta kama ninavyojivuta kwenye boriti, na mwili ukaja. Mwepesi. Nilikuwa nimesahau kwamba mwili wangu huwa unakuja.

Juu kwenye makuti niliiona Wasini, nikaiona Pemba, na huko Pemba nikamwona mtu anakunywa chai bila sukari. Nikaangusha kichala kizima.

Bakari alikunywa dafu lake hadi mwisho. Baada ya alasiri, barazani, ndiye aliyesogea kunipa nafasi. "Haya shemeji, tupe."

Nikawapa. Mnazi ulianza na urefu wake wa kawaida, ukafika mawinguni, na kila nilipopumzika Bakari mwenyewe aliurefusha.

Sasa Ramadhani inaingia, na futari ya kwetu naijua: mhogo wa nazi, ndizi za nazi, tambi za nazi. Mnazi nimeushinda ukiwa umesimama. Uje unishinde ukiwa ndani ya bakuli?

Thubutu.