Nyumba ya Mama Imeuzwa

Cheyo, Tabora
16 Januari 2022

Mpendwa Dada Tunu,

Shikamoo. Hamjambo huko Maskati? Goti la shemeji Awadhi limepoa? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila mke wangu Kuluthumu ana kikohozi cha mvua hizi.

Umeiona anwani hapo juu. Dada, hatukai Gongoni tena. Nyumba ya Mama iliuzwa kwa mnada tangu Novemba, nami nimekuficha kwa woga tu.

Ulinitilia saini niiweke rehani, ninunue cherehani za kudarizi kanzu. Marejesho yalikwenda vizuri hadi korona ilipozima arusi. Kanzu avae nani, aende wapi? Kazi iliyobaki ilikuwa kukata sanda, na unajua fundi wa kwetu halipwi sanda. Mwezi mmoja nilikata kumi na moja. Mikono haikupumzika, mfuko ukabaki mtupu.

Jirani yetu Asnath, yule muuguzi, naye alikuwa na mkopo wa nyumba benki ileile. Aliposikia wanapunguza riba na kuongeza miaka ya kulipa, tukaongozana. Yeye akatoa hati ya mshahara. Wiki hiyohiyo rejesho lake likashuka karibu nusu. Mimi nikatoa daftari langu la vipimo, vifua na mikono ya nusu ya mji. Karani akalifunua, akanitazama kwa huruma: "Mzee wangu, hapa naona mabega tu. Kipato kiko wapi?"

Mshahara wa Asnath haukuwa umepungua hata shilingi. Mimi niliyekauka ndiye niliyeambiwa nilipe vilevile. Inauma, dada. Lakini Asnath simlaumu. Siku ya mnada alilia kuliko mimi.

Najilaumu mwenyewe. Miaka yote Asnath alinihimiza nipitishe fedha zangu benki, nikamcheka. Barua tatu za onyo nikazificha chini ya godoro, na simu moja kwako ingetosha. Niliona haya, fundi mzima na mvi zangu, kumwomba dada.

Najua umekata tiketi uje ufunge Ramadhani katika chumba cha Mama. Njoo, nakuomba. Ila ukifika usimwambie mwenye bajaji akupeleke Gongoni. Hapa tumepanga vyumba viwili, kimoja ni chako.

Kuluthumu na binti yetu Najiat wanakuamkia. Msalimie sana shemeji. Mungu akufikishe salama, na akupe moyo wa kunisamehe, maana nusu ya nyumba ile ilikuwa yako.

Mdogo wako akupendaye,
Majidi