Kiwiko cha Baba

Shoga, nimejiaibisha ofisini sasa hivi.

Unakumbuka kile kipindi cha sikukuu, baba alipopiga tarumbeta na bendi? Mtaa mzima ukajazana sebuleni kwetu, wewe umekaa chini mbele ya tivii. Baba anasema tu, "Subirini, natokea." Kipindi kikaisha. Kilionekana kiwiko tu. Kiwiko, jamani.

Leo nimekikuta kipindi chenyewe mtandaoni. Kufika pale kwenye kiwiko nikaropoka, "Huyo hapo." Ofisi nzima ikageuka. Bosi akauliza, "Nani?" Nikasema, "Baba." Akainama, akakodoa macho.

"Mbona simwoni?"

Nimejifungia chooni. Narudisha pale pale. Kiwiko kinapanda, kinashuka. Nimwambie nani mwingine, umebaki wewe tu unayekijua.

Tangu tumzike, leo ndiyo nimemwona akisogea.