Picha ya Domitila na Cherehani Ambayo Sikununua

Bariadi, Shinyanga.
11 Agosti 1996

Mpendwa kaka Josia,

Shikamoo. Mwaonaje huko Tanga, wewe, wifi Elizabeth na watoto? Kile kifua chako kimepona? Sisi huku ni wazima. Mama yako, mayu Milembe, bado analima mwenyewe. Goti linamsumbua asubuhi tu, jua likipanda analisahau.

Mahindi yametoka nusu, mvua ilikatika mapema. Pamba ndiyo imetuokoa. Siku hizi wanunuzi ni wengi, si ushirika peke yake. Dutwa nimehesabu mizani nne za wanunuzi kwenye barabara moja.

Barua yako ya mwaka juzi bado ninayo. Ina mistari kumi na miwili, na miwili ya mwisho inasema niache kamera, ninunue cherehani. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Ulipohama ulimuuzia kamera yako mtu wa Maswa, wakati mimi nilikuwa nimeiomba mara tatu. Yangu niliipata kwa pamba ya ekari mbili, jembe la mkono. Basi, nimelisema, limetoka.

Lakini haki ulikuwa nayo nusu. Ile harusi ya Domitila na Masele kule Dutwa niliiharibu kweli, na hujawahi kusikia nilivyoiharibu. Filamu ina picha thelathini na sita. Siku ile nilipiga thelathini na sita, kamera ikaendelea. Thelathini na saba, thelathini na nane. Nilifika arobaini na moja huku nashukuru kimoyomoyo kwamba dukani wamenizidishia. Mwanza, kijana wa kusafisha picha akanionyesha filamu nyeupe mwanzo hadi mwisho. Haikushika kwenye meno ya kamera tangu nilipoiweka, haikusogea hata kidogo. Mimi ninayejisifu kwa hesabu, sikujiuliza zile tano zimetoka wapi.

Nilikwenda Dutwa mwenyewe kuwaambia, nikarudisha malipo yao. Domitila hakunitukana. Aliingia ndani akafunga mlango. Tangu siku hiyo Dutwa nzima hakuna aliyeniita.

Ndipo nikajifunza kazi upya, peke yangu. Kila nikivuta filamu natazama kile kishikizo cha kushoto cha kuirudishia. Kisipozunguka, filamu haisogei, sina picha. Umbali napima kwa hatua zangu, sikisii. Nkololo watu saba walikataa picha zao kwa sababu nilikata miguu. Walikuwa wamenunua viatu kwa pamba ya mwaka ule, nami nikawapiga nyuso tu. Sasa kabla sijabonyeza natazama chini kwanza, usoni baadaye.

Mwezi wa sita Domitila akaja hapa kwangu na mtoto wao, Kija, mgongoni. Alisema, "Jumapili ijayo anabatizwa. Harusi yangu uliipoteza, Nyanjige. Na huu ubatizo ukipotea, usipite tena Dutwa."

Nikamwambia nina ombi. Baada ya ubatizo wavae tena nguo za harusi, niwapige palepale mlangoni mwa kanisa. Masele alikuwa wa kwanza kukataa, eti watu watasema wanaoana mara ya pili. Domitila akamjibu, "Waache waseme. Wao wana picha zao."

Watu walisema kweli. Mama yake Masele aliuliza mbele ya wote kama na ng'ombe wa mahari watatoka tena upya. Gauni liliazimwa kwa Lukresia yule yule aliyelitoa siku ya harusi, ila Domitila amezaa, mgongoni halikufunga hata robo. Nililibana kwa pini tisa. Huo ndio ushonaji wangu wote, kaka.

Nilipiga thelathini na sita. Kishikizo kilizunguka mara zote, na nilipojaribu ya thelathini na saba, mkono wa kamera uligoma kuvutika. Sijawahi kufurahia kitu kukataa namna ile.

Zimetoka thelathini na nne. Zilizoharibika ni mbili: moja Masele amefumba macho, moja Kija amerusha mkono. Nilipompelekea Domitila alizitandika kitandani, akazitazama moja moja, halafu akauliza tu, "Na mwezi wa tisa una nafasi? Mdogo wangu anaolewa." Mpaka Oktoba nina harusi sita, nne za Dutwa, mbili za Sapiwi.

Nimekuwekea moja humu. Angalia Kija anavyovuta shela. Pini huzioni. Nyuma nimeandika jina langu. Msomee wifi jina hilo kwa sauti.

Nisalimie Elizabeth na watoto wote. Mayu Milembe anakusalimu, na kaka Athanasi pia. Mungu akulinde, akupe likizo Desemba, maana ni miaka saba sasa na mama yako hana picha hata moja akiwa nawe. Njoo na viatu vizuri. Nitasimama hatua tano, na miguu yenu yote minne itaonekana.

Wako akupendaye hata ulipokosea,
Nyanjige