Dada Ametua Tangu Saa Moja

Baba,

Simu umeiacha kwenye chaji na wewe uko kwa kinyozi. Dada ametua tangu saa moja. Amenipigia akilia, yuko uwanja wa ndege peke yake na mtoto, anadhani tumemsusa. Nimechukua teksi kumfuata.

Jana nilikwambia saa ya kutua kwenye tiketi ni ya huku kwetu. Ukasema, "Mwanangu, nimefundisha hesabu miaka thelathini," ukaongeza saa tatu za tofauti ya huko kwao na huku. Safari ya saa kumi na nne ikawa ya kumi na saba! Kilomita za safari, hizo ulizipatia zote.

Tandika kitanda chao. Chai iko kwenye chupa. ~~Usimwambie Mama.~~ Mama anajua.

Nimekukasirikia, Baba. Ila najikasirikia zaidi: nilijua umekosea, nikanyamaza.

Kitinda mimba wako