Mtende wa Kushoto

Kiminini, Jumapili ya Matawi, 1991

Lakini mimi nilisema majani ya chini! Mama Nekesa alipokuja jana na akina mama wa kanisa kuomba matawi ya ibada, nilimwambia wazi: kateni ya chini. Kisha nikaenda zangu sokoni, nikarudi usiku, na leo nimetoka kwenda kanisani kungali giza.

Leo nikirudi kutoka kanisani ndipo nimeona. Mtende wa kushoto wa lango umekatwa kichwa. Wa kulia haujaguswa.

Baba watoto ndiye aliyeileta mitende hii miwili kutoka Bungoma anakofanya kazi, ikiwa midogo ndani ya mikebe. Aliipima kwa kamba ili ikae sawa pande zote mbili. Majirani walicheka, ati mti gani huu hauliwi wala haujengi nyumba. Sasa kila mgeni anaelekezwa kwetu kwa mitende hiyo.

Nimemwendea Mama Nekesa nikiwa nimefura.

“Si utamea tena, dada?” akaniuliza. “Hata mikaratusi tunakata na inamea.”

Hasira ikaniisha. Angejuaje? Mtende ukikatwa kilele, yanakotoka majani machanga, hauchipui tena, unasimama tu mpaka uoze.

Ijumaa Kuu Baba watoto atakuwa hapa. Nitamwambia nini, kabla hajafika langoni...

Na kanisani asubuhi Mama Nekesa alinipa jani changa, laini, la manjano, lililokuwa bado limejikunja. “Hili zuri nimekuwekea wewe mwenye mti,” alisema. Nikaimba hosana nikilipunga mpaka mkono ukachoka.