Nani Atamfunga Rukia Mkaja

Jumatatu, 6 Januari
Nimetwanga pilipili manga ya uji wa mzazi. Iliki bado juani. Mwanangu Rukia atajifungua London wiki hii, mimba ya kwanza. Viza yangu imetoka, tiketi bado. Leo kapiga simu: mama wa mumewe, Bi Naila, naye anakwenda, anatokea Maskati. Moyo ukanifanya paa. Kumkanda mzazi na kumfunga tumbo kwa ile nguo ya mkaja ni kazi ya mama aliyemzaa. Harusini haki ya mkaja, ile zawadi ya mama wa bibi harusi, nilipewa mimi, si yeye.

Jumanne, 7 Januari
Asya, binti wa dada yangu, kaniangalizia kwenye simu. Unguja mpaka London, masaa tisa na nusu kwa ndege. Maskati, saba na nusu. Kumbe kanizidi mawili tu. Mawili si kwenda Mkokotoni na kurudi? Yeye anaondoka Alkhamisi. Na mimi Alkhamisi hiyo hiyo. Nimemwambia Rukia asifungwe na mtu mpaka nifike. Kacheka. "Mama, huyo bibi wa mtoto, si mwizi."
Sikucheka.

Jumatano, 8 Januari
Nimekwenda kukata tiketi, nyuma ya Darajani. Nimemtajia binti wa dukani masaa ya Asya, kanitazama. "Bi mkubwa, masaa hayo ya kunguru. Kunguru hashuki njiani." Ndege ya moja kwa moja hakuna. Nishuke Addis, nisubiri, nipande nyengine. Kufika Ijumaa. Bi Naila Alkhamisi jioni atakuwa anakunywa chai.
Nimelia chooni, Asya asinione. Wivu, nasema kweli. Ana dhahabu, ana Kiingereza, na sasa ana na ndege isiyoshuka njiani.
Nimeupiga pasi mkaja. Ndio huo huo mamangu alionifunga nilipomzaa Rukia.

Alkhamisi, 9 Januari
Rukia kajifungua alfajiri. Mwanamme. Alhamdulillahi. Nimefurahi mpaka uwanja wa ndege, halafu nikakumbuka nani yuko mbele yangu.
Addis sasa. Picha imeingia. Bi Naila kampakata mjukuu wangu kama wake. Ni wake, najua. Nimeizima simu. Mkaja uko mkobani, sikuliamini sanduku.

Ijumaa, 10 Januari
Nimefika. Baridi inauma mpaka meno. Mtoto kalala begani kwa Bi Naila, keshaizoea harufu ya udi wake. Roho ikaniuma.
Nikauliza, Rukia keshafungwa?
"Mkwe, mie nimeleta mkanda wa dukani, ule wa kunata," Bi Naila akasema. "Mwanao kaukataa. Kasema, mamangu yuko angani."
Nikaenda kunawa uso.
Nimemkanda kwa mafuta ya moto, nikaukunjua mkaja. Mrefu, unataka watu wawili. Chumbani hamna mwengine. Nikampa ncha.
"Vuta, mkwe."
Kavuta sawasawa, kama mtu aliyefungwa na mamake.
Wivu bado upo, kidogo. Mtoto kalala. Uji uko jikoni, Bi Naila anaukoroga.