Biskuti za Chumba cha Saba

Jumapili, Kilifi. Jua kali, upepo umegoma, shati limenigandia mgongoni. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Kiti hakina kosa.

Shajara yangu, unanijua. Nimetandika vitanda vya watu wa nchi ambazo mwalimu wangu wa darasa la saba hakutufikisha, nami shule niliiacha darasa hilohilo. Kitaliano ninacho, cha kuombea radhi na cha kutongozea. Mnazi nimekunywa toka Vitengeni hadi Magarini, sikatai. Lakini bangi sijawahi kuvuta, hata kwa ubishi.

Na mkojo wangu umesema natumia.

Pale hotelini Bofa walituchagua watu watano kwa kura, wakatupima. Mimi bahati nasibu sijawahi kushinda, siku hiyo nikashinda. Majibu yakatoka, nikasimamishwa kazi.

Nikaandika barua ya kujitetea, kurasa mbili, kwa hati yangu nzuri. Kwamba chumba cha saba walikaa vijana wa kigeni siku nne, wakivuta na madirisha yamefungwa, nami nikaingia kukung'uta mashuka, moshi ukanipata kazini. Niliona nimeandika kama wakili. Juzi maabara wamejibu kwa mstari mmoja: moshi wa namna hiyo haufikishi kiwango kile.

Kesho ni kikao cha mwisho. Nikishindwa, kazi imekwenda.

Leo asubuhi, nanyoa ndevu, nikakikumbuka kibati.

Kwetu kazini, mgeni akishaondoka, alichoacha kwenye friji ni cha aliyetandika kitanda. Kanuni inasema kipelekwe ofisini. Sijaona aliyepeleka. Vijana wale waliacha kibati cha biskuti za chokoleti. Nilikula nne palepale. Mbili nikampelekea Mama Riziki wa chumba cha kufulia, maana mimi kitu kitamu hakinishuki kooni nikiwa peke yangu.

Siku ile nilikunja taulo za umbo la bata maji, kazi ambayo pwani nzima hakuna wa kunishinda, na bata mmoja akanicheka. Nikasema ni njaa. Mama Riziki naye alilala juu ya rundo la mashuka hadi saa kumi, akiimba nyimbo za kwaya usingizini. Tukasema ni presha. Kesho yake ndiyo nikapimwa, na bado sikuwaza kwamba bangi hata kwenye biskuti huokwa.

Mjanja mimi.

Basi shahidi wa biskuti zile ni yeye tu. Nikimtaja, watamtia naye kwenye kesi, mama wa watu aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Nisipomtaja, nani ataziamini biskuti baada ya kurasa mbili za moshi?

Nikamfuata kwake alipotoka kanisani. Nikampa shikamoo yake, nikaketi, nikamweleza yote. Yeye akawa anakuna nazi tu. Nikamwambia asihofu, kesho nitasema kibati kizima nilikimaliza mwenyewe.

Hapo ndipo alipoacha kukuna.

"Kazungu mwanangu," akasema, "wewe hata andazi hujawahi kula peke yako. Nani pale hotelini atakuamini?"

Nikacheka. Nikacheka mpaka ikabidi nijifanye jasho limeniingia machoni.

Akauliza kikao ni saa ngapi. Nikamwambia saa tano. Ni saa tatu. Nimewadanganya wengi maishani, wengine kwa Kitaliano, lakini uongo huu ulinitoka mzito kama gunia la chumvi.

Akanisindikiza hadi njiani, kanga begani, ananiulizia mke wangu na watoto kana kwamba hakuna jambo. Tulipoagana akaniambia nimngoje nyumbani, atanipitia saa mbili. Si kwamba saa ya kikao anaijua. Ananijua mimi.

Sasa shati la kesho limepigwa pasi mara mbili na bado nalitazama. Naweza kutoka saa moja, akafika akakuta kufuli mlangoni. Nitapambana na meneja mwenyewe, kwa mdomo wangu huu.

Lakini nikitoka saa moja, nitakuwa nimemwokoa Mama Riziki, au ndiyo kwanza nimeanza kula peke yangu?